Mwiba Hautoshi: Jinsi ya Kuutambua Mjafari kwa Umbo Lake

Mhudumu wa afya anayefanya kazi katika kata ya Nyabusozi wilayani Biharamulo, au upande wa pili katika vijiji vya Ngara, hana budi kuzoea jibu moja. Amwulizapo mgonjwa ni dawa gani aliyokwisha kuitumia nyumbani, huambiwa: "Nimekunywa dawa ya mti wa miiba." Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Katika nyika za wilaya hizi mbili miti na vichaka vyenye miiba ni vingi mno. Baadhi yake hutumiwa kama dawa, baadhi haina kazi yoyote ijulikanayo, na mingine ina sumu. Anayeandika "mti wa miiba" katika kadi ya mgonjwa ni sawa na aliyeandika "kidonge cheupe".

Somo hili linahusu mti mmoja wenye miiba ambao watu wa Afrika Mashariki wameutumia kwa muda mrefu: mjafari, ambao wataalamu wa mimea huuita Zanthoxylum chalybeum. Lengo letu ni msomaji aweze, baada ya kusoma, kusimama mbele ya kichaka na kusema kwa hoja kwamba huu ndio mjafari, au kwamba huu sio. Hatufundishi namna ya kuutumia. Kuutambua mti ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba unaponya ni jambo jingine.

Jina ni mwongozo tu

Mjafari una majina mengi. Wanyamwezi huuita mlungulungu. Waganda huuita ntaleyaddungu na Wanyarwanda intareyirungu, na maana ya majina haya mawili ni moja: simba wa nyika. Aliyewahi kupita karibu nao kwa pupa na kuacha kipande cha shati lake hapo hatauliza sababu ya jina hilo.

Hata hivyo, msomaji asiyategemee majina peke yake. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, na Biharamulo imepokea watu kutoka pande nyingi, wakiwamo Wasukuma waliokuja na mifugo yao. Wahangaza, Washubi, Wasubi, Wasukuma na wageni wengine huishi katika kijiji kimoja, na kila mmoja huja na majina ya miti aliyofundishwa na wazee wake. Mti mmoja waweza kuwa na majina matano, na jina moja laweza kubeba miti mitatu. Kwa hiyo jina la kienyeji liandikwe daima, pamoja na lugha lilikotoka, lakini lisihesabiwe kuwa ushahidi kamili. Ushahidi kamili ni umbo la mti wenyewe.

Alama sita za mjafari

Tuutazame mti kuanzia chini kwenda juu, kama mhudumu anavyompima mgonjwa kwa utaratibu bila kuruka hatua.

Alama ya kwanza ni umbo zima na mahali unapoota. Mjafari ni kichaka kikubwa au mti mdogo, ambao kwa kawaida hauzidi mita 8. Hupenda nyika kavu, mapori yenye miti iliyoachana, sehemu za mawe na vichuguu vya mchwa. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani. Mti mkubwa wa msituni wenye shina refu lililonyooka, hata ukiwa na vinundu vya miiba, huenda ukawa ndugu yake aitwaye Zanthoxylum gilletii, ambaye hupenda misitu yenye unyevu na ana majani marefu zaidi.

Alama ya pili ni shina, na hapa ndipo somo letu lilipo. Shina la mjafari lina gome la rangi ya kijivu lililotapakaa vinundu vigumu, vilivyo kama mbao, vipana chini na vyembamba juu mfano wa pia ya watoto. Juu ya kila kinundu hukaa mwiba mmoja mkali. Katika miti mizee ncha ya mwiba huweza kuvunjika, kinundu kikabaki butu. Kwa hiyo usiulize tu, "Je, una miiba?" Uliza, "Mwiba umekaa juu ya nini?"

Alama ya tatu ni matawi. Miiba ya matawini ni midogo kuliko ile ya shinani, na hufikia takriban sentimeta 2. Imenyooka au imejikunja kidogo kuelekea juu, na mara nyingi ina wekundu. Tawi lenyewe huwa na magamba meusi yanayoonekana kwa macho.

Alama ya nne ni jani, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Jani la mjafari ni jani moja lililogawanyika kuwa vijani vidogo, vilivyopangwa viwili viwili pande zote mbili za kikonyo, na kimoja kikabaki peke yake kwenye ncha. Kwa kawaida kuna jozi 3 hadi 5, kwa hiyo ukihesabu pamoja na kile cha nchani utapata idadi isiyogawanyika kwa mbili: 7, 9 au 11. Vijani hung'aa kwa juu. Geuza jani utazame chini ya kikonyo: utaona vimiiba vidogo vilivyopinda kama ndoana. Kisha liinue kuelekea jua. Utaona vitone vingi vidogo vinavyopitisha mwanga. Hivyo ni vifuko vya mafuta, na vinatufahamisha kwamba mjafari ni wa jamii moja na mlimau na mchungwa. Mwisho, saga kijani kimoja kati ya vidole na unuse. Harufu kali inayofanana na ya limau itakuja mara moja.

Alama ya tano ni maua. Ni madogo sana, ya manjano yenye ukijani, na hutokea katika mafungu kwenye vitawi vipya, chini kidogo ya majani. Mjafari una miti dume na miti jike. Mti dume hutoa maua lakini hauzai kamwe. Basi asikate tamaa anayeuona mti wenye alama nyingine zote lakini hauna tunda hata moja mwaka hadi mwaka. Huenda ni dume.

Alama ya sita ni tunda. Ni dogo, lenye upana wa milimita 5 hivi, jekundu lenye uhudhurungi au uzambarau. Likiiva hupasuka lenyewe, na mbegu moja nyeusi yenye kung'aa huchungulia nje kama jicho.

Tumeacha kwa makusudi alama ya saba ambayo wengine huitumia, nayo ni ladha. Usiuonje mmea usioujua ili kuutambua. Ulimi si chombo cha maabara, na sumu haibishi hodi.

Miti inayofanana nao

Kosa la kawaida ni kutosheka na alama moja. Ifuatayo ni miti minne yenye miiba ambayo kwa mtazamo wa haraka huchanganywa na mjafari, pamoja na alama inayoitenganisha.

Wa kwanza ni mgunga, hasa ule uitwao Senegalia polyacantha. Shina lake pia huweza kuwa na vinundu vyenye miiba, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Lakini jani lake limegawanyika mara mbili, na vijani vyake ni vidogo mno na vingi mno hata havihesabiki kwa urahisi. Miiba ya matawini imekaa miwili miwili na kupinda kama kucha ya paka. Hauna harufu ya limau.

Wa pili ni mwamba-ngoma, Erythrina abyssinica, ambao Warundi huuita umurinzi, yaani mlinzi. Gome lake ni nene, laini kama kizibo, lenye mipasuko na miiba. Tofauti yake ni rahisi: kila jani lina vijani vitatu tu, vipana. Maua yake ni mekundu kama moto, na huchanua wakati mti hauna majani. Mti huu ni wa hatari kwa sababu mbegu zake nyekundu, ambazo watoto huzipenda kwa kuzichezea na kutungia shanga, zina alkaloidi zinazoweza kulegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Kuuchanganya na mjafari si kosa dogo.

Wa tatu ni jamaa wa mkunazi aitwaye Ziziphus mucronata. Miiba yake huja miwili pamoja, mmoja umenyooka na mwingine umepinda. Jani lake halikugawanyika: ni moja tu, nalo lina mishipa mitatu inayoanzia mahali pamoja penye kikonyo.

Wa nne, ambao humsumbua hata mwenye uzoefu, ni Harrisonia abyssinica. Ni kichaka chenye miiba na jani lililogawanyika kwa mpangilio unaokaribiana na wa mjafari. Mtazame kikonyo cha jani. Cha Harrisonia kina mbawa nyembamba za kijani pande zote mbili, katikati ya jozi na jozi. Cha mjafari hakina mbawa bali kina vimiiba chini. Tena, tunda la Harrisonia ni la nyama na halipasuki kuonyesha mbegu nyeusi.

Kanuni hii ya kutafuta alama ndogo yenye uamuzi haihusu nyika zetu pekee. Huko Ulaya kuna vichaka vya miiba vya jenasi ya Crataegus, wa jamii ya waridi, ambavyo majani, maua na matunda yake hutengenezwa dawa za asili za moyo na kuuzwa hata katika vidonge. Spishi zake ni nyingi na zinafanana, na baadhi ni adimu. Spishi mbili zilizoenea, Crataegus monogyna na Crataegus laevigata, zina miiba na matunda mekundu yanayofanana sana, lakini ukilipasua tunda, la kwanza kwa kawaida lina kokwa moja na la pili lina mbili au tatu. Huko pia mwiba hausemi neno. Mhudumu akumbuke jambo moja zaidi: mgonjwa wa moyo anayetumia digoksini asichanganye na dawa hizo bila ushauri wa daktari.

Mgonjwa akija na gome tu

Mara nyingi mgonjwa haleti tawi. Huleta gome lililokauka ndani ya karatasi, au unga, au chupa ya maji ya rangi ya chai. Gome lenye kinundu kizima chenye umbo la pia linaweza kuelekeza kwenye mjafari, lakini lisichukuliwe kuwa uthibitisho. Unga hautambuliki kwa macho, na mhudumu asijaribu kukisia.

Kinachobaki ni maswali, na maswali yaulizwe kwa heshima. Mgonjwa akihisi kwamba anakaripiwa kwa kwenda kwa mganga, atanyamaza, na safari ijayo ataficha kabisa. Anza hivi: "Mama, asante kwa kunieleza. Dawa hiyo ilichimbwa wapi, kichuguuni au mtoni?" Kisha: "Mzee aliyekupa aliuita mti huo kwa jina gani, na kwa lugha gani?" "Ni mizizi, gome au majani?" "Ulikunywa kiasi gani, tangu lini, mara ngapi kwa siku?" "Kuna dawa ya hospitali unayotumia pamoja nayo?" Majibu ya maswali haya matano yaandikwe katika kadi kama yanavyosemwa.

Iwapo mganga yuko tayari, mwombe awaonyeshe mti wenyewe. Nchini Tanzania tiba asili inatambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na mganga aliyesajiliwa si adui wa zahanati. Mara nyingi ndiye mtu pekee kijijini anayeweza kumwongoza mhudumu hadi kwenye shina.

Jinsi ya kuchukua sampuli

Mkifika penye mti, fuateni utaratibu huu.

1. Pigeni picha ya mti mzima, ya shina kwa karibu, na ya jani kwa juu na kwa chini.

2. Kateni tawi moja la urefu wa sentimeta 30 hivi, lenye majani, na ikiwezekana maua au matunda. Tawi lisilo na maua wala tunda humpa mtaalamu kazi ngumu.

3. Litandazeni kati ya karatasi za gazeti, jani moja likionyesha mgongo, kisha mgandamize kwa mbao au vitabu vizito. Badilisheni karatasi kila siku hadi likauke. Msilifungie ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku nyingi, kwani litaota ukungu.

4. Andikeni tarehe, kijiji, kata na wilaya, mahali ulipoota, urefu wa mti, rangi ya ua na ya tunda, harufu, jina la kienyeji na lugha yake, na sehemu inayotumiwa. Rangi na harufu hupotea sampuli ikikauka, kwa hiyo ziandikwe palepale.

5. Jina la mgonjwa lisiandikwe katika karatasi ya mmea. Hiyo ni siri yake.

Sampuli iliyotayarishwa hivi inaweza kulinganishwa na zile zilizohifadhiwa katika hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa. Tanzania ina Hebaria ya Taifa huko Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina ya kwake. Taasisi ya Dawa Asilia ya Muhimbili, ambayo mizizi yake ni kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1974, imefanya kazi ya aina hii kwa miongo mingi, na watafiti wake wamewahi kukusanya elimu ya miti-dawa katika mkoa huu wa Kagera.

Kwa wagonjwa na jamaa zao

Maabara zimechambua mjafari na kukuta viambata vya aina ya alkaloidi, kama kelerithrini na nitidini, ambavyo vimeonyesha nguvu dhidi ya vijidudu katika chupa za majaribio. Hii ndiyo sababu wanasayansi hawaudharau. Lakini chupa ya majaribio si mwili wa mtoto. Kiasi kinachofaa hakijulikani kwa mchemsho wa nyumbani, kwani gome la mti huu na la mti ule havina nguvu sawa, na viambata vyenye nguvu huweza pia kudhuru.

Kagera ni mkoa wenye malaria. Mtoto akiwa na homa, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu na dakika chache, na akikutwa na malaria hupewa dawa mseto. Mtoto anayeshindwa kunywa au kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea na kupoteza fahamu, asisubiri mchemsho wowote, hata ukiwa wa mjafari wa kweli uliotambuliwa kwa alama zote sita. Kwake yeye saa moja ni kitu kikubwa. Chukueni kipande cha mti mliotumia mje nacho zahanati. Hakuna atakayewacheka.

Mti wenyewe nao una haki

Kuutambua mjafari kuna faida nyingine inayosahauliwa. Kwa kuwa gome la mzizi ndilo linalotafutwa sana, mti huchimbuliwa na kufa. Mwingine huchunwa gome pande zote kama aliyevuliwa nguo, nao hukauka, maana njia ya chakula kutoka majanini kwenda mizizini imekatwa. Na tulisema miti dume na miti jike ni mbalimbali. Kijiji kikibakiza majike peke yake kwa kuyaua madume, au kinyume chake, hakutakuwa na mbegu, hata kama miti kadhaa bado imesimama.

Asiyeujua mti huchimba mitatu ili apate mmoja, na ile miwili hufa bure. Anayeujua hukata kidogo, upande mmoja, na kuuacha mzizi. Hivyo elimu ya kutambua humlinda mgonjwa na kuilinda nyika kwa pamoja.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa ameleta tawi lenye miiba miwili miwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda, na jani lisilogawanyika. Je, ni mjafari? Jibu: Hapana. Alama hizo ni za Ziziphus mucronata.

2. Umeona mti wenye vinundu vya umbo la pia, vijani 9 na harufu ya limau, lakini wenyeji wanasema haujawahi kuzaa. Je, uukatae? Jibu: La. Huenda ni mjafari dume. Tafuta maua yake na uchukue sampuli.

3. Kichaka kina jani lililogawanyika, na kikonyo chake kina mbawa za kijani. Ni kipi? Jibu: Yaelekea ni Harrisonia abyssinica.

4. Mama amekuja na unga katika karatasi, akasema ni wa mti wa miiba. Utaandika nini? Jibu: Andika kwamba mmea haujatambuliwa, kisha jina alilolitaja na lugha yake, sehemu iliyotumiwa, kiasi, muda, na dawa nyingine anazotumia. Usiandike "mjafari" mpaka mti wenyewe uonekane.